Hizo Mnazoziita Picha za Asili

Mtu akifariki kwetu, kabla jeneza halijanunuliwa, kuna kijana anatumwa kutafuta picha. Inatakiwa ya kuweka juu ya jeneza, ya kuchapa kwenye ratiba ya mazishi, ya kubandika msalabani, na ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili walio mbali waamini. Kijana huyo haanzi na kitambulisho cha taifa, maana kwenye kile kila mtu anafanana na mtuhumiwa. Anaanza na picha za harusi. Harusini ndiko wazee wetu huvaa vizuri, hupakwa mafuta, husimama mbele ya kamera ya kueleweka. Kwa hiyo mpiga picha wa harusi, apende asipende, ndiye mpiga picha wa misiba ya miaka kumi ijayo. Hakuna anayemwambia hivyo siku anapopokea advansi.

Mwaka jana kijana aliyetumwa nilikuwa mimi. Aliyefariki alikuwa bibi yangu, mama yake mama, huko Newala. Harusi niliyoifungua kwenye kompyuta ilikuwa ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, iliyofanyika Dar es Salaam mwaka mmoja na nusu kabla ya msiba. Nilijua pa kutafuta kwa sababu picha zile nilizirekebisha kwa mkono wangu. Nasoma shahada ya uzamili, na sehemu kubwa ya ada inatoka kwenye kazi za Jumamosi: namshikia taa mpiga picha wa harusi, halafu katikati ya wiki nakaa na mafaili yake usiku, naziweka picha sawa.

Folda ilikuwa na picha 612. Bibi alikuwamo katika nne.

Ya kwanza ni ya kanisani, na anaonekana kilemba tu. Ya pili ni ile ya familia kwenye jukwaa la ukumbi, saa nne usiku, bibi yuko mstari wa tatu nyuma ya vilemba vya mama wadogo. Ya tatu anakula, na aliyepiga hakumsubiri ameze. Ya nne ilikuwa nzuri. Bosi wangu aliipiga uani kwa kanisa wakati akipima mwanga, akimngoja bibi harusi atoke. Bibi amekaa kwenye kivuli cha mwembe, anacheka, macho yako kwangu. Nakumbuka alichokuwa ananiambia: "Mume wangu, hilo dude la rafiki yako linanitazama sana. Nina deni nalo?"

Tatizo la picha ya nne ni kwamba uso ule haukuwa wa bibi. Bibi alikuwa Mmakonde wa kizazi kilichochanjwa chale. Alichanjwa akiwa msichana, kabla ya Uhuru, mistari kwenye paji la uso na kwenye mashavu yote mawili, ikapakwa mkaa ili ikae. Ilikaa miaka zaidi ya sitini. Tukiwa watoto tulikuwa tunapitisha vidole juu yake kama watu wanaosoma gizani. Kwenye picha ya nne mashavu yale ni laini kama yai lililomenywa. Chale hazipo, hata moja. Na aliyezitoa ni mimi.

Basi niseme nilichokuja kusema. Mjini kwetu inauzwa bidhaa inayoitwa picha ya asili. Wengine huiita picha za nachuro. Iko kwenye matangazo ya wapiga picha wengi wa harusi: picha za nje, za kawaida, zisizo za kupangwa, maharusi wanatembea ufukweni jua likizama. Mimi naitengeneza bidhaa hiyo kila wiki, na nasema haina asili ndani yake. Tumedhani kwamba asili ni majani, mchanga na machweo. Tunawatoa watu kwenye ndugu zao kuwapeleka kwenye mandhari, kisha tunawatoa kwenye ngozi zao, na kinachobaki tunakiita asili.

Tuanze na kuwatoa kwenye ndugu zao. Harusi ile ilikwenda hivi, na naamini yako au ya kaka yako haikuwa tofauti sana. Misa ilipangwa saa nane mchana. Ilianza saa tisa na dakika kumi kwa sababu ya saluni. Saa kumi na nusu watu wakatoka, wakapiga vigelegele, matarumbeta yakalia, na kabla vumbi halijatulia maharusi wakaingizwa kwenye gari pamoja na wasimamizi wao. Bosi na mimi tukafuata nyuma. Tulikuwa tunakimbilia ufukweni. Foleni ikatuweka barabarani zaidi ya saa nzima. Tulifika saa kumi na mbili na dakika tano. Jua lilibakiza robo saa hivi.

Katika dakika hizo, na nyingine ishirini za giza na flashi, tulipiga picha 214 za watu wawili. "Msiangalie kamera." "Mnong'oneze kitu, achekeshwe." "Tembeeni kama hampo na mtu." Walitembea kama hawapo na mtu mara sita, maana mara ya kwanza kulikuwa na mvuvi, ya pili kulikuwa na maharusi wengine wanaotembea kama hawapo na mtu, ya tatu shela liliingia majini. Dada yangu alikuwa hajala tangu alfajiri. Kicheko chake kwenye picha ile iliyokwenda kwenye jalada la albamu kilipatikana bosi alipomwambia ukumbini kuna pilau.

Wakati huo ukumbini kulikuwa na wazee. Kadi ilisema saa kumi na mbili kamili, na wazee husoma kadi. Bibi alikuwa amesafiri siku nzima kwa basi kutoka Newala, zaidi ya kilomita 600, kumwona mke mwenzake akiolewa, maana hivyo ndivyo alivyomwita dada tangu utotoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa hadi saa tatu usiku, maharusi walipoingia. MC alikuwa akitangaza kila nusu saa: maharusi wetu bado wanapiga picha. Watu walichangishwa miezi minne. Walikuja kuwaona wawili hawa wakawekwa waangalie mlango. Halafu picha ya familia, ile picha moja ambayo wangekuwamo wote, ikapigwa saa nne usiku kwa dakika saba, taa ya video ikiwachoma macho, mwenyekiti wa kamati akilalamika kwamba chakula kinapoa.

Mtu ataniambia: lakini mwanga mzuri uko jioni, ungetaka wapigwe saa ngapi? Hili ndilo jibu linalotolewa siku zote, na linatumia jua kama kisingizio, kwa hiyo tulizungumze jua lenyewe.

Ni kweli saa sita mchana Dar es Salaam si saa ya kupiga mtu picha juani. Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta; mwaka mzima jua la mchana liko juu sana, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba, linapita utosini hasa. Mwanga unaotoka juu namna hiyo unajaza kivuli kwenye matundu ya macho, chini ya pua na chini ya kidevu. Mtu anatoka kama ana huzuni hata akiwa anacheka. Ni kweli pia kwamba jua likishuka mwanga unalainika na kupata rangi ya dhahabu. Ila kwetu dhahabu hiyo haikai. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi, na linashuka karibu wima. Saa moja kabla ya kuzama bado liko karibu nyuzi 14 juu ya upeo wa macho. Likishazama, giza linaingia upesi. Zile jioni ndefu za Ulaya unazoziona Instagram, ambako machweo ya kiangazi yanakokotwa kwa saa nzima na zaidi, sisi hatuna. Tumenakili picha za watu wenye jua jingine, tukanakili hadi ratiba yao.

Lakini mwanga mzuri si machweo peke yake. Mtu yeyote anayeshika kamera anajua hili, kama anataka kukumbuka. Saa kumi na nusu, pale uani kwa kanisa, kulikuwa na mwembe mkubwa wenye kivuli kizito, na mbele yake ukuta uliopakwa chokaa unaopigwa na jua. Ukuta mweupe unarudisha mwanga kama kioo kikubwa kisicho na ukali. Mtu akikaa ukingoni mwa kivuli, akiuelekea ukuta, uso wake unapata mwanga mpana, laini, unaoingia hadi ndani ya macho. Ukimsogeza ndani zaidi chini ya mti anaanza kupata ukijani wa majani. Ukimtoa nje jua linamkata. Kuna mita mbili hivi za mahali pazuri. Bibi alikuwa amekaa katika mita hizo mbili bila kuambiwa, kwa sababu wazee wanajua kivuli. Ndiyo maana picha ya nne ilitoka vizuri kuliko zile 214. Bosi alipoikagua kwenye kioo cha kamera alisema "mwanga uko poa," akafunga lenzi, tukaondoka kuukimbilia mwanga.

Tulikuwa nao. Tulikuwa na watu wote, waliovaa, waliokuwa bado na jasho la furaha, hawajachoka wala kukasirika. Nusu saa pale ingetosha wazee wote wa pande mbili. Tuliwaacha wamesimama na vitenge vyao vya sare kwa sababu ufukweni kuna mandhari.

Sasa kuwatoa kwenye ngozi zao.

Kamera haijui mtu. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, ukikichanganya chote pamoja, kinapaswa kutoka kijivu cha wastani. Mweke mbele yake bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe linalojaza fremu: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, gauni linatoka kijivu na uso unazama. Dawa yake inajulikana. Pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Mtoe juani. Tumia ukuta, au mtu akushikie kitambaa cheupe kurudisha mwanga usoni. Inachukua dakika mbili. Ukiwa huna dakika mbili kwa sababu ulizimaliza kwenye foleni, unapiga tu, halafu unamwachia kijana wa kompyuta. Kijana wa kompyuta anauvuta uso juu kwa kidole kimoja, ngozi inapoteza rangi yake, inakuwa ya majivu. Ili kuficha majivu anaongeza uwekundu na kulainisha. Hivyo ndivyo mtu anavyoingia harusini akiwa na rangi ya kahawa na kutoka kwenye albamu akiwa na rangi ya maandazi. Mara nyingi hakuna aliyekaa akaamua kumfanya mweupe. Ni haraka iliyogeuka kuwa mtindo, na mtindo ukageuka kuwa kile ambacho mteja anadhani ndiyo picha nzuri.

Historia ya jambo hili inatuhusu kuliko tunavyojua. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyeandika juu ya kadi hizo mwaka 2009, anaeleza kwamba waliochangia kuisukuma Kodak kuboresha filamu zake kwa rangi za kahawia walikuwa watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alialikwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tu kutoka Newala kwa bibi, na inasimuliwa kwamba alikataa kutumia filamu ya Kodak, akisema ina ubaguzi. Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 na kuitangaza kwa teknolojia waliyoiita Real Tone, ya kuzisoma vizuri zaidi ngozi za watu weusi.

Yaani viwanda vilivyotuharibu sura vimeanza, kwa kuchelewa na kwa kutafuta soko, kusahihisha. Na sisi tuliokuwa tunalalamika ndio tumeshika usukani wa kuendelea. Programu ninayotumia ina kitufe cha kulainisha ngozi ambacho hutafuta nyuso zote kwenye folda nzima, na kila doa, kunyanzi na mstari inauhesabu kuwa kasoro. Programu haijui chale ni nini. Mimi nilijua. Ilikuwa saa nane usiku, nilikuwa na mtihani Jumatatu, nikachagua picha zote 612, nikabonyeza mara moja, nikaenda kulala. Sikuziangalia. Nikirudi nyuma kutafuta pale nilipoamua kumfuta bibi, sipaoni, kwa sababu sikuamua.

Kuna neno moja linanisumbua tangu siku hizo. Nembo. Leo ukilisikia unafikiria nembo ya taifa, nembo ya kampuni. Fungua kamusi: nembo ni pia alama ya kuchanjwa mwilini, chale za kabila. Bibi alikuwa na nembo usoni. Nilipoiondoa, hatua iliyofuata katika kazi yangu, kama kwenye kila picha, ilikuwa kubandika pembeni nembo ya studio.

Wachongaji wetu walikuwa waangalifu kuliko mimi. Tazama vinyago vya mapiko vya Wamakonde vilivyohifadhiwa kwenye makumbusho: vingi vina chale usoni, nyingine zimechongwa, nyingine zimeinuliwa kwa nta, mstari kwa mstari. Mtu mwenye tezo na kipande cha mti aliona kwamba uso bila alama zake haujakamilika. Mimi mwenye kompyuta niliona alama zimezidi.

Najua majibu ya wenzangu wa kazi hii. Nimekaa nao, nimekula nao mihogo nyuma ya kumbi tukisubiri maharusi. La kwanza: picha zote ni za kupangwa, asili haipo, unalalamikia nini? Sawa. Sina ugomvi na kupanga. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alimpanga kila mtu. Aliwakalisha, akawageuza mabega, akawaazima saa na redio, nyuma yao akatundika kitambaa cha maua, na mwanzoni kitambaa hicho kilikuwa shuka lake la kitandani. Lakini alipiga uani, kwa mwanga wa jua, na alimsubiri mtu. Ukiangalia picha zile leo unaona kila chale shavuni, kila mshono wa nguo, na unaona mtu aliyekubali kuonekana. Ile ni picha ya kupangwa kwa asilimia mia moja na ina ukweli kuliko 214 zetu za kutembea kama hatupo. Kinachotenganisha picha hizi mbili si pozi. Ni kama mpiga picha alikuja kumtazama aliyekaa mbele yake au alikuja kutafuta picha aliyokwisha kuiona mahali pengine.

Jibu la pili ni zito zaidi: mteja ndiye anayetaka. Ukimwachia ngozi yake anasema umemharibu. Usipompeleka ufukweni anakwenda kwa mwingine. Watu wana kodi ya kulipa. Hili silidharau, nalipa ada kwa pesa hiyo hiyo. Lakini mteja ni nani? Aliyelipa ni bwana harusi na kamati. Bibi hakulipa, kwa hiyo bibi hakuulizwa. Kama bibi harusi akitaka uso wake mwenyewe upakwe weupe, ni uso wake. Nitasikitika na nitafanya. Ila nyuso zile nyingine mia mbili ukumbini hazikutia sahihi popote. Tunazifuta kwa jumla, kwa kitufe kimoja, kwa idhini ya mtu mmoja ambaye naye hakuambiwa.

La tatu husemwa kwa upole, kwa kawaida na mashangazi: waacheni watoto wafurahie, siku yenyewe ni moja. Hapa ndipo nakataa kabisa. Siku ni moja kwa wote. Kwa bibi ilikuwa moja kuliko kwa dada, maana dada akitaka kwenda ufukweni na mumewe atakwenda Jumapili yoyote ya maisha yake.

Nirudi msibani. Nilitafuta faili la awali la picha ya nne, lile ambalo halijaguswa. Studio hufuta mafaili ya awali baada ya miezi mitatu ili kupata nafasi kwenye diski. Halikuwepo. Tulijaribu picha za simu; simu ya mjomba ilikuwa na moja ya giza, ya mama ilishaibwa. Muda ulikuwa umekwisha. Nikaichukua picha ya nne kama ilivyo, ikachapwa kubwa, tukasafiri nayo usiku.

Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Watu walikuwa wamekaa chini ya mikorosho. Picha ikawekwa mezani karibu na jeneza, nami nikasimama pale kama mtunzaji wake. Bibi mdogo, mdogo wake marehemu, akasogezwa kwenye mkeka karibu. Walichanjwa msimu mmoja, na fundi mmoja. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, anaitazama picha. Aliitazama muda mrefu. Halafu akaweka vidole kwenye shavu lake mwenyewe, juu ya mistari yake, akaniuliza:

"Za kwake ziko wapi?"

Nikasema, "Ni mashine, bibi. Mashine ndiyo imezitoa."

"Mashine ilimjulia wapi?"

Sikuwa na la kusema. Akaomba apelekwe kwenye jeneza lenyewe. Picha ile ndiyo iliyobandikwa msalabani, na wajukuu wa bibi ambao hawajazaliwa wataijua hiyo.

Kwa hiyo ninachodai si falsafa. Kama unaoa au unaolewa mwaka huu, kabla hujachagua ufukwe, chukua karatasi uandike majina ya wazee wa pande zote mbili. Wawe kumi au kumi na watano. Wapigwe wao kwanza, pale pale kanisani, msikitini au nyumbani, kwenye kivuli, wakiuelekea mwanga, mmoja mmoja na kisha pamoja nanyi, kabla gari lolote halijawashwa. Mpe karatasi mtu anayewajua kwa sura, si mpiga picha. Nusu saa. Kama bado unataka jua la jioni, omba misa ya asubuhi, au nikah ifungwe mapema, usiwaibie wageni wako saa tatu. Na ukikuta jua limezama, limezama. Nenda ukumbini, watu wako ndio mandhari.

Wewe mwenye kamera, pima mwanga usoni. Wewe wa kompyuta, mwenzangu, kanuni ninayofuata sasa ni hii: kitakachoondoka chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi au jeraha la kunyolewa, kiondoe kama umeombwa. Ambacho mtu atakwenda nacho kaburini, kiache. Kovu, mwanya, kunyanzi, chale, rangi. Wazee fungua mmoja mmoja kwa macho yako. Na faili la awali usilifute, au lirudishe kwa familia kabla hujalifuta. Diski ni bei ndogo kuliko unavyodhani, niulize mimi.

Nilimwambia bosi wangu haya. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nifanye ninavyotaka ila mteja akilalamika, kazi ya kurudia ni yangu na hailipwi. Tukakubaliana. Hadi sasa wamelalamika wawili. Wa kwanza alitaka uso wake mwenyewe uwe laini. Nilikesha usiku mmoja nikamfanyia. Wa pili alitaka niondoe kovu la moto shingoni kwa mama yake. Nilimjibu kwamba nitaliondoa siku hiyo hiyo, ila kwanza amuulize mama. Bado sijapata jibu, na faili nimeliacha wazi.